Traka za malori: nina kotesheni tatu mezani na kila mtu asema yake ndiyo

mwanajomvu
Salaam wadau, hasa nyinyi wa hapa Mombasa. Nina malori tisa, sita ni matrela ya kupanda Nairobi na Malaba, matatu ni ya hapa hapa mjini kuhamisha kontena kutoka yadi za Miritini na Port Reitz kupeleka magodauni ya Changamwe na Shimanzi. Nataka kuyafunga yote traka, vile vifaa vya kuonyesha gari liko wapi, mwezi ujao. Kotesheni ya kwanza bei iko chini kabisa, kifaa pamoja na apu ya bure mwaka wa kwanza. Ya pili imepanda kidogo lakini wana sensa ya mafuta. Ya tatu hata sielewi wauza nini, karatasi nzima ni maneno ya wingu na akili bandia, kamera mbili kila gari, ukifika penye jumla waikunja karatasi polepole wairudisha kwa bahasha. Shida yangu kubwa ni dizeli. Ya pili ni wateja kunipigia saa zote lori liko wapi, nami nampigia dereva, dereva asema niko Voi bosi, kumbe... mwajua wenyewe. Nichukue ipi? Na tafadhali msinitajie makampuni maana kila mtu humu ana shemeji anayefunga traka.

tuktuk_ya_likoni
Mimi niliagiza ile ndogo ya Kichina, nikatia laini, nikaificha chini ya kiti mwenyewe, na tuktuk yangu naiona mpaka ikiwa juu ya feri. Tisa zote utamaliza bila kuuza hata tairi moja. Mwahangaika nini nyinyi watu wa malori 😂

mama_yadi
Mwanajomvu kaka yangu, kabla hujachagua karatasi hebu nikuulize kitu. Saa nane za usiku arifa ikiingia kwamba lori limesimama Mackinnon Road na mafuta yashuka, hiyo simu itakuwa ya nani? Niambie huyo mtu kwanza, halafu tuongee kotesheni.

mwanajomvu
Itakuwa yangu dada, nani mwengine. Ila nikilala huwa nimelala kweli.

fundi_waya
Tuktuk yuko sawa kwa tuktuk yake, ikiibiwa ajua akimbilie wapi na hayo ndiyo anayoyataka. Lori ni habari nyengine. Kwanza lori ni volti 24, na zile rile, yaani swichi za umeme, za kuzima injini zinazokuja ndani ya boksi la bei rahisi nyingi ni za volti 12, ukifunga kwenye lori itaungua, utaona moshi watoka kwa dashibodi ufikiri dereva anavuta sigara. Fundi akija kufunga muulize rile ni ya volti ngapi kabla hajafungua hata skrubu moja. Akikuangalia juu juu mpe soda aende.

Halafu ngoja niseme hili maana wauzaji huwa walichanganya makusudi. Satelaiti haikujui wewe wala lori lako. Zile za GPS za Wamarekani ziko kama 31 hivi, ziko juu kilomita 20,200, kazi yao ni kutangaza saa na pale zilipo basi. Kifaa chako kikizisikia nne au zaidi chapiga hesabu chenyewe kijue kiko wapi, hapo hakuna bando wala malipo ya mtu. Vifaa vya siku hizi vyasikia pia GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Wachina, kwa hivyo mtu akikwambia kampuni yake ina satelaiti yake maalum, muage kwa heshima. Bando laingia pale kifaa kinapotaka kukwambia WEWE, hapo kinatumia laini ya simu kama hii yako kupeleka habari kwa seva, yaani kompyuta ya mwenye programu inayokuchorea ramani. Sasa traka ikinyamaza watu wote waangalia juu mbinguni, na kosa liko kwa laini: bando limekwisha, laini imekatwa kwa sababu hakuna aliyeikumbuka, mtandao hakuna pale, ama kuna mtu amechomoa fyuzi. Kesi nyingi nnazoitiwa ni laini tu. Na hizo data zenyewe ni kidogo mno, ni megabaiti chache kwa mwezi kwa gari, kwa hivyo mtu akikutoza bando la mtu anayetazama mpira muulize hesabu yake.

Mambo ninayoyaangalia mimi kwenye kifaa chenyewe ni haya. Mtandao ukipotea je chaweka rekodi, kikifika penye mtandao chazituma zote na saa zake? Maana kuna vipande vya Tsavo huko mtandao wakatika, kifaa kisichoweka rekodi kitakuchorea mstari mmoja mnyoofu kama lori limepaa, na ukitaka kujua lilisimama wapi humo ndani hujui. Halafu chatuma kila baada ya muda gani. Wengi wakuandikia "moja kwa moja" ukichunguza ni kila dakika tano. Lori la spidi 80 kwa dakika tano limeshakwenda kilomita sita na nusu na zaidi, hapo limeshapita mji mzima. Mimi naweka sekunde 30 likitembea, na pia kila likipiga kona, likisimama napunguza mpaka saa moja moja kulinda betri. Na betri ya ndani iweko, hata ndogo, ili mtu akichomoa waya kifaa kipate nafasi ya kulia kabla hakijazima.

Ile ya mtandao wa zamani wa 2G peke yake ni rahisi na hapa kwetu bado yafanya kazi, lakini kifaa chakaa kwa gari miaka, ningechukua cha 4G chenye kushuka mpaka 2G pale mtandao unapokuwa dhaifu. Chukua kifaa chenye jina, kama Teltonika ya Lithuania au Queclink ya China, sababu programu nyingi zavijua. Ukigombana na aliyekuuzia waweza kukihamishia kwengine. Kile kisicho na jina ukigombana naye wabaki na pambo.

tuktuk_ya_likoni
Soda ya baridi ama ya moto?

dereva_wa_juu
Mimi naendesha, njia ya Malaba na mara mojamoja Kampala. Naona mwaongea wenye magari peke yenu acha na mimi niseme. Traka siichukii. Nnachochukia ni bosi aliye na traka mkononi na hana kazi nyengine. Nimesimama Mtito Andei kula, simu. Nimesimama kubana kamba za turubai, simu. Nashuka mteremko wa Mazeras na tani zangu nyuma, simu, na akiona sipokei apiga tena! Hiyo spidi mwataka tupunguze, mbona mwatupigia tukiwa kwa usukani. Kama kweli watuona kwa ramani basi si utuangalie tumesimama ndio upige.

Na jambo jengine, foleni. Pale mizani ya Mariakani siku mbaya waweza kukaa mpaka ukasahau jina lako, injini yawaka unasukuma kidogo kidogo. Ripoti ikitoka yasema "injini imewaka masaa manne gari halijatembea" na mimi ndio nakatwa pesa za mafuta. Mizani hiyo sikuijenga mimi.

Lakini haki nayo isemwe, hiyo hiyo traka ndiyo ilinitoa kesi. Mteja alidai nimefika kesho yake na mzigo wake umeharibika kwa sababu yangu, ofisi wakatoa njia yote na saa zake, ikaonekana nilikuwa getini kwake usiku ule na hakuna mtu wa kufungua. Kesi ikaisha hapo hapo.

mwanajomvu
Shukrani dereva, hilo la simu kwa usukani nimelichukua. Sasa dizeli. Nyinyi madereva mwajua, hebu niambieni kweli, sensa yasaidia ama ni pesa ya bure?

dereva_wa_juu
Yasaidia. Mimi sisemi zaidi ya hapo, nina wenzangu humu 😅

fundi_waya
Kweli lakini inategemea ni sensa gani na nani kaifunga. Kuna njia nne nizijuazo. Ya kwanza ni kusoma ile ile geji ya gari, yaani boya la ndani ya tangi, hiyo ni rahisi lakini yaruka ruka, lori likipanda kilima mafuta yaenda nyuma sindano yashuka, likishuka yaongezeka, utawafukuza watu wasio na hatia. Ya pili ni kusoma kompyuta ya gari, nzuri kwa malori mapya, yakupa hata mafuta injini iliyotumia, lakini yakwambia ya injini, yale yaliyotoka kwa mpira kwenda kwa jerikeni injini haina habari nayo. Ya tatu ni ile ya kubandika chini ya tangi kwa nje, yatumia mawimbi ya sauti, haitobolewi tangi, ila tangi likiwa na uchafu chini ama gundi ikiachia yasoma uongo. Ya nne ni fimbo, yaingizwa ndani kutoka juu mpaka karibu na chini, yakatwa ilingane na kina cha tangi lako. Kwa lori la masafa mimi nafunga fimbo.

Lakini fimbo bila kalibresheni, yaani kuipimia kwa tangi lako lenyewe, ni chuma tu. Tangi hutolewa mafuta mpaka karibu liwe kavu, kisha watia lita 20, waandika sensa yasema namba gani, watia 20 nyengine, waandika, hivyo hivyo mpaka lijae. Tangi la lita 400 ni mara ishirini. Ni kazi ya nusu siku kwa gari moja na ndiyo maana wafungaji waikimbia, waja na jedwali la tangi jengine walitia kwenye lako basi. Tangi hazifanani hata za gari za aina moja, hili limebonyea, lile lina kuta za ndani. Na kama lori lina matangi mawili wahitaji fimbo mbili, usikubali mtu akwambie moja yatosha kwa sababu yameunganishwa na mpira.

Kitu chengine watu hawakijui ni joto. Dizeli yavimba, kila digrii moja yaongezeka kama asilimia 0.08. Lita 600 zikipata joto la digrii kumi zaidi waona lita tano zimezaliwa, usiku lori likilala Mtito kukiwa baridi zile tano zapotea. Kwa hivyo ukiweka arifa ya kushuka lita tatu, kila alfajiri utagombana na dereva kwa kosa la jua. Mimi naweka arifa ianzie lita kumi na tano au ishirini, ishuke kwa dakika chache, gari likiwa limezimwa. Hapo huwa hakuna hadithi.

Ila kuna wizi ambao hauonekani hivyo, ule wa kidogo kidogo injini ikiwaka, wa kwenye mpira wa kurudisha mafuta kwa tangi. Waufungua ukaelekezwa kwa jerikeni, tangi lashuka taratibu kama lori lafanya kazi. Arifa haitalia. Huo waushika kwa hesabu ya mwezi, lori hili na lile njia moja mzigo mmoja, hili latumia zaidi, kwa nini? Na hapo yarudi kwa swali la mama_yadi la nani aangalia.

dereva_wa_juu
Fundi waongea sana wewe bwana 😂😂

mama_yadi
Amesema vizuri. Mimi nimekaa kwenye ofisi ya usafirishaji miaka mingi na hiki ndicho kitu nnachokiona kila mahali: kampuni yanunua traka, wiki mbili za kwanza bosi hatoki kwa skrini, kila nukta aijua jina, mwezi wa pili aangalia asubuhi na jioni, mwezi wa nne hakuna anayekumbuka neno la siri. Arifa zaingia mia kwa siku zote za spidi 82 na kusimama dakika tano, kila mtu amezizima mlio. Sasa hata ukinunua ile ya kamera na akili bandia, ikiwa hakuna mtu ambaye kazi yake imeandikwa hiyo, umenunua televisheni.

Kwa hivyo kaka anza na maswali yako mawili uliyoyaandika mwenyewe. Wateja kuuliza lori liko wapi, hiyo hata kotesheni ya kwanza yaweza, programu nyingi zatoa kiungo cha muda wamtumia mteja kwa WhatsApp aone lori lake mpaka lifike, kikishafika kinakufa. Tayari simu zimepungua. Dizeli wahitaji sensa, hapo ya kwanza imetoka. Kamera hujaiulizia, kwa nini uilipie? Kesho ukipata mteja wa mafuta au kemikali akaidai, utaongeza.

Na wewe kuna pesa huioni, nayo iko kwa yale malori matatu ya mjini. Chora uzio kwenye ramani kwa kila yadi na kila godauni na geti la bandari, programu ikuandikie lori liliingia saa ngapi likatoka saa ngapi. Mwisho wa mwezi utajua ni wapi malori yako yalala kwa foleni. Ukienda kwa mteja na karatasi hiyo kumwambia lori langu lakaa kwako masaa haya kabla kushushwa, ama alipia kusubiri ama atengeneza geti lake. Na kontena tupu likichelewa kurudishwa, wenye meli wakakutoza, una saa na dakika za kuonyesha kuchelewa kulikuwa kwa nani. Mimi hilo ndilo limetulipia traka kabla hata ya dizeli.

Uzio wenyewe uchore mpana kidogo, usiuchore kwa ukuta. Katikati ya kontena zilizopandana mawimbi yagonga chuma yarudi, kifaa charuka mita kadhaa huku na huku, lori limesimama lakini ripoti yasema limeingia na kutoka mara nane.

basi_la_malindi
Kwenye hili la spidi nyinyi wa malori mwaweza kuunganisha. Spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia spidi isipite kiwango, ni lazima kwa magari ya abiria na ya biashara yanayozidi kilo 3,048 bila mzigo, ifungwe 80, na kile kiwango cha Kenya cha KS 2295 cha 2018 chataka gavana irekodi na itume data pia. Usikubali traka ikuuziwe kama badala ya gavana, na usikubali gavana ikuuziwe kama traka kamili. Sisi wa matatu tushaona yote mawili.

mwanajomvu
Na hizi sili za KRA, watu wa ushuru, za mizigo ya transiti inayopita kwenda nchi nyengine, si zina GPS tayari? Mtu mmoja aliniambia nikiwa nabeba transiti sina haja ya traka.

mama_yadi
Hapana. Zile ni za mfumo wa RECTS wa kufuatilia mizigo, ulianza 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Yafungwa kwa kontena bandarini, yafunguliwa mwisho wa safari, lori likitoka njia iliyopangwa au sili ikiguswa wao ndio waletewa arifa, na huja watu kwa gari. Yalinda ushuru na mzigo. Dizeli yako haiwahusu, na ukirudi na trela tupu hakuna sili.

kijana_wa_tudor
Nyote mwalipa pesa za mwaka kwa apu za nini? Kuna Traccar, programu ya traka, ni bure, waipakua waweka kwa seva yako, yajua lugha za vifaa zaidi ya 200. Seva ndogo ya kukodi yatosha magari tisa, hata mia moja. Mimi nimewawekea watu wawili.

fundi_waya
Traccar ni kitu safi siipingi kabisa. Lakini seva ikilala Ijumaa usiku nani aiamsha? Ikiwa wewe kijana uko na utapokea simu, sawa. Ikiwa utakuwa umeenda chuo Nairobi, mwenye malori tisa atabaki na skrini nyeupe. Kwa mtu asiye na fundi wa kompyuta ofisini mimi namwambia lipia, lakini lipia kwenye programu kubwa ambayo wauzaji wengi waitumia, mfano Wialon, ili ukimchoka muuzaji wahamia kwa mwengine na vifaa vyako vile vile.

kijana_wa_tudor
Haya hapo kwa simu ya Ijumaa usiku umenipata shekhe.

mama_yadi
Na hapo kwa kuhama ndipo watu hulia. Soma mkataba kaka, usiangalie bei peke yake. Kifaa ni chako au cha kukodi? Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni kwa jina lao, siku ukiondoka waondoka na laini. Kifaa kina neno la siri, utapewa ama watakaa nalo? Ninamjua mtu alitaka kuhama, akaambiwa alipe pesa za kufunguliwa vifaa alivyovinunua mwenyewe. Iandikwe kabisa kwamba ukiondoka wapewa neno la siri, na kumbukumbu zako za safari wazipakua zote. Na ile ya bure mwaka wa kwanza, sharti iandikwe mwaka wa pili ni ngapi. Wasipotaka kuandika umeshajua ni ngapi.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu mahali mtu alipo kuwa ni habari zake binafsi. Dereva lazima ajulishwe gari lina traka, yarekodi nini na kwa kazi gani, muandikie karatasi atie sahihi. Na kanuni za 2021 za kujiandikisha kwa ofisi ya kamishna wa data zimetaja kampuni za usafiri, kwa hivyo usidhani kwa kuwa mdogo hazikuhusu, uliza. Yale malori ya mjini kama dereva alala nalo nyumbani, zima arifa za baada ya kazi, hutaki kujua Jumapili alienda kwa nani.

dereva_wa_juu
Dada Mungu akuweke. Hilo la Jumapili wapigieni makofi.

mwanajomvu
Kuna lile la kuzima injini kwa simu. Kotesheni zote tatu zanipa. Naona ndio raha yenyewe, lori likiibiwa nalizima.

dereva_wa_juu
Ukilizima nikiwa kwenye mteremko na kontena la futi arobaini hutaibiwa tena kwa kweli, utatuzika.

fundi_waya
Dereva atania lakini ndivyo. Injini ikifa lori likitembea, usukani wawa mzito kama umeshika mti, na kompresa ya upepo wa breki yasimama, wabaki na upepo ulioko kwa matangi tu. Mimi nafunga mkato kwa waya wa starta, yaani lori likizimwa na dereva haliwaki tena mpaka uruhusu. Mwizi atalisimamisha tu mahali. Akitokea mtu kukwambia yeye afunga kwa pampu ya mafuta na waweza kuzima spidi yoyote, msimamishe. Na sio kila mtu ofisini apewe kitufe hicho, mmoja au wawili basi.

Na wezi wa siku hizi nao wana vile vidude vya kuvuruga mawimbi, ukikiwasha traka haisikii satelaiti wala mtandao. Wengine watumia njia ya kienyeji, wafunika antena na foili ya kufungia kuku. Hapo huwezi kushinda kwa kifaa kimoja. Kwa trela la mzigo wa bei, nafunga cha pili cha betri yake mwenyewe hakina waya hata mmoja, nakificha kwenye trela, chalala siku nzima chaamka mara moja au mbili kutuma mahali kilipo. Mwizi akimaliza na kile cha kwanza akazima kidude chake, cha pili kitaamka. Na weka arifa ya kifaa kunyamaza, gari ambalo halijatuma kitu kwa dakika ishirini kati ya Voi na Mtito huenda ni mtandao, gari lililonyamaza katikati ya Changamwe penye minara kila kona hilo piga simu sasa hivi.

tuktuk_ya_likoni
Foili ya kuku 😭 ngoja nikaangalie chini ya kiti changu

mwanajomvu
Haya nimekaa nimefikiri, nimesoma yote na mke wangu ndiye mwenye vitabu vya hesabu nimemsomea pia. Karatasi ya tatu nimeirudisha. Ya kwanza pia nimewapigia kuuliza mwaka wa pili ni pesa ngapi, wameniambia watanirudia, bado. Ya pili nimewaambia nitaanza na matrela mawili tu ya Malaba, hili linalokula dizeli kuliko yote na moja ambalo sina shida nalo ili niwe na cha kulinganisha, nifanye miezi mitatu ndio niamue hayo mengine. Uzio nitaanza na malori ya mjini kwa kifaa cha kawaida bila fimbo. Laini zote jina langu. Na huyu wa kupokea arifa, mke wangu asema yeye atachukua za mafuta mchana, usiku tumemwajiri mpwa wangu ambaye ati halali anacheza gemu, sasa ataangalia malori akicheza, na namba za madereva anazo ila haruhusiwi kupiga mpaka gari lisimame. Fundi, je ile kalibresheni nawaachia wao ama waweza kuja kusimama nao? Nitakulipa si bure.

fundi_waya
Niandikie kwa ujumbe wa ndani nitakuja. Jumapili ndiyo nzuri, lori liwe limelala tangu jana yake, mafuta yamepoa. Tangi liwe limeishia, ukiwa na jerikeni safi na pampu ya mkono, na nunua dizeli kwenye kituo ambacho pampu yake ina stika ya vipimo ya mwaka huu, kwa sababu lita zao zikiwa pungufu jedwali letu lote laharibika. Lori lisimame penye saruji tambarare, sio ile yadi yenu ya mchanga. Mke wako ama huyo mpwa aje na daftari la kuandika namba. Na dereva wa hilo lori awepo, asiwe likizo, amimine yeye mwenyewe zile lita ishirini ishirini aone sensa yasoma nini, kesho asije akasema mashine imemsingizia.

dereva_wa_juu
Na chai iwepo. Lita mia nne kwa pampu ya mkono si mchezo.